Bi Zamu Aajiri Kompyuta

Siku simu yake ilipomtaka afute mjukuu, Bi Zamu aliiweka mezani, akaisukuma mbali kwa ncha ya kidole, akaiambia, "Ukome."

Kusema haki, simu haikutamka hivyo. Ilisema tu kwamba nafasi imejaa, achague picha za kuondoa. Lakini picha zote zilizokuwamo zilikuwa za wajukuu, watoto wa binti yake wa pekee ambaye ni nesi katika mji wa mbali. Kila asubuhi zilikuja mpya: huyu kang'oka jino, yule kavaa viatu kushoto kulia, wote wawili wamelala midomo wazi. Ili jino liingie, viatu vitoke. Bi Zamu hakuona simu imepata wapi mamlaka ya kumpangia jambo kama hilo.

Jina la Bi Zamu alilipatia kazini. Kwa miaka ishirini na minane alisimamia zamu ya asubuhi katika kiwanda cha sabuni, akiwa na watu themanini wa kukata, kupiga mihuri na kufunga. Hadi leo wapo watu wazima, wengine wana mvi, ambao wakimwona sokoni huitoa mikono mifukoni kabla hawajajua wanafanya nini. Alistaafu miaka miwili iliyopita. Tangu hapo amekuwa akisimamia vyumba vinne na mume mmoja, na sisi tunaomjua mume huyo tunamhurumia, maana kazi ya watu themanini inamwangukia peke yake.

Mume ni kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho anachonyolea: viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na benchi la kusubiri ambalo watu hulikalia hata wasiokuwa na nywele. Mimi ni mmoja wao, ndiyo maana nayajua haya.

Binti alipopigiwa simu alitoa ushauri wa kawaida.

"Mama, kodi nafasi mtandaoni. Picha zinakaa huko, ukizitaka unazifungua."

"Huko wapi?"

"Kwenye mashine za kampuni."

"Nikigonga mlango wa hiyo kampuni nitafunguliwa na nani?"

Binti akashusha pumzi. Alikuwa anatoka kazini, miguu inamuuma. "Basi, mama, weka seva yako nyumbani," akasema, kama mtu anavyomwambia mwenzake ajenge uwanja wa ndege, ili tu mazungumzo yaishe.

Kesho yake saa tatu asubuhi Bi Zamu alikuwa dukani kwa Spana.

Huyu Spana alikuwa fundi mitambo pale pale kiwandani. Siku hizi ana duka la kompyuta nyuma ya kituo cha mafuta. Anakaribia miaka hamsini, ana watoto wanne, na ana kitambi cha kuheshimika. Bi Zamu alipotokea mlangoni, alisimama wima na kukificha kikombe cha chai chini ya meza.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kunywa chai yako, hatuko kazini. Nataka seva."

Spana akamweleza taratibu. Seva si kitu cha kutisha, ni kompyuta tu isiyolala. Inakaa kwenye kona yake usiku na mchana, inatunza vitu vyenu, na kila mwenye ruhusa anavichukua kwa simu yake, awe sebuleni au mji mwingine. Kwa nyumbani inafaa iwe ndogo, isile umeme mwingi, isipige kelele, maana inaishi na watu.

"Una wangapi?" akauliza Bi Zamu.

"Wangapi nini, bosi?"

"Hao. Walete niwaone."

Kumbe alikuwa amekuja na daftari. Spana akapanga mezani tatu, zote ndogo, kubwa kuliko zote haizidi mkate. Bi Zamu akavuta stuli, akavaa miwani, na usaili ukaanza.

Ya kwanza ilikuwa na kioo ubavuni na taa zilizobadilika rangi, bluu, nyekundu, zambarau.

"Hizi taa zinamsaidia nini?"

"Urembo tu, bosi. Lakini ina nguvu sana, vijana huichezea michezo."

"Anakula kiasi gani?"

"Ikitulia tu, wati sitini hivi."

"Akiwa amekaa bure?" Bi Zamu akaandika kitu kirefu daftarini. "Anayefuata."

Ya pili ilikuwa bapa, nyeusi, haina feni hata moja. Kimya kabisa. Alipopewa habari hiyo aliridhika, kisha akaiwekea kiganja juu, kama anavyompima mtoto. Akautoa mkono haraka. "Huyu ana homa." Spana akakiri kwamba ikifanya kazi mfululizo hupata joto, halafu inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Isitoshe, kumbukumbu yake imechomelewa ndani, haiongezeki. "Yaani alivyoajiriwa ndivyo atakavyostaafu," akasema Bi Zamu, na akapiga mstari.

Ya tatu ilikuwa imetumika. Ilitoka kwenye ofisi fulani, ina mikwaruzo na kibandiko cha namba ya mali ya ofisi. Lakini ilifunguka kwa skrubu moja, ndani ina nafasi mbili za kumbukumbu na mahali pa diski mbili, na ilinong'ona tu.

"Kwa nini walimwachisha?"

"Hakuna kosa, bosi. Muda ulifika, ofisi ikabadilisha zote kwa mpigo."

Bi Zamu akakaa nayo muda mrefu kuliko zile nyingine. Alikibandua kile kibandiko kwa ukucha, akakikunja, akakitia mfukoni. Spana alidhani biashara imekwisha. Akamwambia ukweli kwamba kwa picha za familia hiyo inatosha na kubaki.

"Nitafikiri," akasema Bi Zamu, akaondoka.

Alifikiri kwa wiki tatu. Alifikiri kwa sauti, na sisi wa benchini tukajikuta tumegawanyika makambi. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuwa upande wa ile isiyo na feni. Alisema kitu kinachokaa ndani ya nyumba yenye Bi Zamu lazima kijue kunyamaza. Mimi nilikuwa wa ile ya ofisini. Kinyozi hakuwa na upande. Alichokuwa nacho ni malalamiko ya sarufi.

"Mama watoto, kompyuta ni 'hii'. Mbona unaiita 'huyu'?"

"Siku nikimfukuza ndiyo nitamwita 'hii'."

Kila Jumanne na Alhamisi alikuwa kwa Spana. Aliuliza umeme ukikatika inakuwaje. Akaambiwa kuna betri ya akiba. Akauliza diski ikifa. Akaambiwa zinawekwa mbili, kila picha inaandikwa kote kuwili. Maswali yake yalikuwa mazuri, Spana mwenyewe anakubali, ila yalikuwa mengi, na wateja wengine walianza kuogopa siku za Jumanne.

Alhamisi ya mwisho Spana, kwa uchovu, akafanya kosa. Alitoa nyuma ya duka boksi jipya alilomwekea mteja ambaye hakurudi. Ndani yake mlikuwa na kakompyuta ka chuma cha kijivu, kadogo kuliko kitabu cha simu.

"Hii hapa ni nguvu tupu, bosi. Lakini kwako ni kupita kiasi. Ndani ina vichwa vinane vinavyofanya kazi kwa pamoja."

Bi Zamu akavua miwani. "Vinane?"

"Vinane."

"Kila kimoja na kazi yake?"

"Kila kimoja na kazi yake, na kuna mfumo unaozigawa."

Hapo ndipo alipokwisha. Watu wanane wamepangwa vizuri ndani ya boksi moja, bila kuchelewa, bila kwenda msibani kwa shangazi yule yule mara tatu! Spana alijaribu kumrudisha kwenye ile ya ofisini, akamwambia hahitaji nguvu yote hiyo. Bi Zamu akamtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani mkanda wa mashine ulipokatika.

"Spana. Mimi nilikuwa na zamu nzima. Leo unataka niajiri kibarua?"

Ikafungwa Jumamosi, kwenye rafu ya ukumbini, kati ya chumba cha kinyozi na sebule. Spana akaunganisha nyaya, akatia diski mbili, akahamisha picha zote za simu. Binti akapigiwa, akafungua kwake, akaliona jino na viatu pamoja. "Mama, umefanya kweli!" Kwa siku nne nyumba ile ilikuwa na amani ambayo sijawahi kuiona.

Siku ya tano Bi Zamu aliingia chumba cha kunyolea ameshika simu, uso umekunjamana.

"Asilimia mbili."

"Mbili za nini?" akauliza mumewe, wembe hewani.

Kumbe Spana, kwa wema wake, alikuwa amemwekea ukurasa unaoonyesha mashine inafanya kazi kiasi gani. Na mashine, baada ya kumaliza picha za wajukuu, haikuwa na la kufanya. Watu wanane wamekaa, na jasho lao lote halifiki robo ya mtu mmoja.

Fundi viatu akasema hiyo ni habari njema, maana mashine haichoki. Aliangaliwa hadi akakumbuka kuna viatu vya mtu vinamsubiri.

Kuanzia hapo Bi Zamu akawa anaitafutia kazi. Alitoa albamu zote za kabatini, akazipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Asilimia tatu. Akakusanya picha kwenye simu za wateja, yaani sisi. Mtu alikuja kunyoa ndevu akaondoka amekabidhi harusi ya dada yake. Asilimia nne. Mwishowe akampigia Spana kwa sauti ya kupanda.

"Wana njaa ya kazi hawa. Wape kazi."

Spana akafikiri, akasema kuna programu inayotambua sura. Inapitia picha zote, moja moja, inakusanya kila mtu na za kwake. Hiyo, akasema, itaitoa jasho.

Na ikaitoa. Feni iliyokuwa haijawahi kusikika ikaanza kuvuma kama nyuki mbali. Asilimia tisini na moja. Bi Zamu akabeba kiti hadi ukumbini, akakaa mbele ya rafu mikono kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu nilimwona ametulia. Alikaa hapo mchana mzima. Kinyozi alimpelekea chakula kwenye sahani.

Jioni ile ile majibu yakaanza kutoka. Mashine ilikuwa na maswali ya kuthibitisha: je, huyu na huyu ni mtu mmoja? Ikaleta kijana mwenye nywele kubwa za kujaza mlango, na pembeni mzee mwenye upara unaong'aa. Mashine haikuwa na uhakika.

"Mwambie ni mimi," akasema kinyozi, kidogo kwa uchungu.

"Ngoja kwanza, nami sina uhakika," akasema mkewe. Benchi zima likaangua kicheko.

Kisha akashuka kwenye orodha. Kila mtu na idadi yake: mjukuu mkubwa mia sita na kitu, mdogo mia tano, binti mia nne, kinyozi mia tatu kwa sura zake zote mbili. Chini kabisa, baada ya fundi viatu na mbwa wa jirani ambaye mashine ilimdhania mtu, kulikuwa na sura yake mwenyewe. Kumi na moja.

Akaondoa miwani, akaipangusa kwa upindo wa khanga, akaivaa, akasoma tena. Ilikuwa bado kumi na moja. Miaka yote ile, asubuhi alikuwa kiwandani. Na siku za sherehe, nani alishika kamera? Yeye, maana wengine wote walikata watu vichwa.

"Mashine imekosea," akasema mumewe upesi.

"Haijakosea. Imefanya kazi yake."

Sijui nani alimwambia Spana. Nadhani kinyozi mwenyewe, ingawa anakana. Ninachojua ni kwamba Jumamosi iliyofuata walikuja wanawake saba wa zamu ya asubuhi, wakataji na wafungaji wa zamani, na Spana mbele yao, kila mmoja na bahasha au simu. Walipofika mlangoni walijipanga mstari bila kuambiwa.

"Tumesikia kuna kazi," akasema mmoja, mfungaji aliyekuwa na sauti kubwa kuliko mashine.

Picha zao zilikuwa za kiwandani: siku ya kuzaliwa kwenye chumba cha chai, kuagana na mtu, mashine mpya siku iliyofika. Zikaingizwa zote. Feni ikavuma. Bi Zamu akasimama nyuma ya kiti akijifanya anaangalia nyaya. Na mashine ikaanza kumtoa, mmoja mmoja, kutoka nyuma ya watu wengine. Bi Zamu anaangalia saa. Bi Zamu amenyoosha kidole. Bi Zamu kwa mgongo, ambaye mashine haikumtambua lakini wale saba walimtambua kwa kelele. Kumi na moja ikawa thelathini, ikawa hamsini na nane.

"Mbona kote nimenuna?" akauliza.

"Ulikuwa umenuna, bosi," wakajibu kwa pamoja, na Spana akajibu kwa sauti ya chini kidogo.

Ndipo ikatoka moja ya chumba cha chai. Bi Zamu ana miaka arobaini hivi, kitambaa kimerudi nyuma ya kichwa, ameshika ukuta asianguke, anacheka meno yote nje. Hakuna aliyejua nani aliipiga wala nini kilichekesha. Mfungaji akasema ni siku beseni la rangi lilipomwagikia meneja. Mkataji akasema hapana, siku hiyo Bi Zamu alikuwa mgonjwa. Wakaanza kubishana tarehe, na Bi Zamu akawaambia wabishane kwa zamu.

Mimi muda wote huo nilikuwa kwenye kiti, nimenyolewa upande mmoja. Nilimwita kinyozi mara mbili. Alikuwa amesimama ukumbini, mashine ya kunyolea inavuma mkononi mwake bure, macho kwenye ile picha, na hakunisikia.