Makofi Njia Nzima Mpaka Kasulu

Yule kijana wa Kizungu aliyekuja kwetu Kibondo kufundisha vijana mpira, watu wanamsifu mpaka leo kwa jambo moja: alijua kusalimia. Mpira hawautaji, maana timu yake ilifungwa kila ilipokwenda. Wanasifu salamu. Wakianza, mimi huondoka kabla sijatukana mtu.

Alikuja kwa kujitolea, kijana wa rika langu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, Kiha hakuwa nacho kabisa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa, na kijijini hapakuwa na mwingine wa kuelewa Kiingereza chake. Basi nikawa mdomo wake. Mtoto mgongoni, nimesimama kando ya kiwanja kilichokuwa shamba la mihogo, napiga kelele: "Kipa, toka golini! Beki, unamkimbia nani?" Wanawake wenzangu walinicheka mpaka wakachoka.

Salamu alifundishwa na vijana wa timu. Kwetu mkubwa hasalimiwi huku unapita. Unasimama, unainama, unapiga makofi polepole, unauliza ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua. Yeye anajibu yote, kisha anaanza kukuuliza wewe. Mzungu akaipenda. Alikuwa akiona mzee tu anachuchumaa, makofi, "Mwakeye, mwakeye," na wazee wanafurahi kama wamepewa ng'ombe.

Siku ya mechi ya Kasulu mtoto wangu aliamka anachemka. Zahanati yetu haikuwa na dawa. Mganga akamshika shingo, akaniambia, "Mpeleke hospitali Kasulu. Sasa hivi, usingoje kesho." Basi lilikuwa bovu. Gari lilikuwa moja tu, Landrova ya kocha, na kocha hakusita. "Panda," alisema.

Mbele alikaa yeye na baba mkwe wangu, aliyechaguliwa kuwa mzee wa timu. Mimi nilikaa nyuma na vijana, chini ya turubai. Kwetu mkamwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Hata kumtazama usoni ni shida.

Wakati huo watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, nyumba zote zimejipanga kando ya barabara. Kila kijiji kina wazee, na wazee wamekaa nje. Gari likasimama, kocha na mzee wakashuka. Makofi. Likaenda kidogo, likasimama tena. Makofi.

"Tukifika Kasulu refa atakuwa amestaafu," kijana mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Mtoto alikataa ziwa. Nikawaambia, "Gongeni, mwambieni aende."

"Dada, mzee yuko mbele. Nani amkatize mzee anasalimia?"

Hakuna aliyegonga. Wote walikuwa watoto wa watu, wamelelewa vizuri. Na babu wa mtoto, damu yake inaungua nyuma ya mgongo wake, alikuwa huko chini anauliza habari za mvua.

Kijiji kilichofuata, mtoto akakakamaa mikononi mwangu, macho yakageuka meupe. Niliruka chini. Nikasimama katikati yao, wao wamechuchumaa.

"Mtoto anakufa na nyie mnaulizana ng'ombe!"

Mzee wa pale akabaki na mikono hewani. Baba mkwe akasema taratibu, bila kuniangalia, "Mkamwana, umetuvua nguo mbele ya watu."

"Nimewavua, Baba. Pandeni gari."

Kocha alitutazama kama mtu aliyepotea. "Lakini ni adabu," akasema.

"Endesha!"

Akaendesha. Tulipita watu wameinua mikono, tukawaachia vumbi.

Hospitali walimchoma sindano, wakamtundikia maji. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake nikimwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Jioni kocha alisimama mlangoni mwa wodi, jezi ina matope, analia. "Walinifundisha hivyo," alisema. Muda wake ulipoisha alirudi kwao.

Mtoto alipona. Ila hasikii. Nilijua nilipoangusha sufuria nyuma yake asigeuke.

Baba mkwe haongei nami. Akitaka kitu anamtuma mume wangu. Natakiwa nimpelekee pombe, nipige magoti, niombe radhi kwa aibu ya barabarani. Sijapeleka. Mama mkwe ananiambia, "Mwanangu, jishushe tu." Nijishushe mpaka wapi?

Juzi mzee alikatiza uani. Mtoto, sasa ana miaka mitano, akamwona, akachuchumaa, akapiga makofi polepole, vizuri kabisa. Amejifunza kwa macho. Babu yake akasimama, uso ukamlainika, akainama. Akamuuliza ya nyumbani. Akangoja jibu. Akamuuliza tena, kwa sauti zaidi. Anajua kuwa mtoto hasikii, ameambiwa, lakini hajakubali.

Nilikuwa jikoni, namwona anavyongoja. Sikutoka kumjibia.