Mlevi wa Ukutani

Inatangazwa kwamba kila picha itakayochorwa kwenye ukuta wa kituo cha afya sharti itoe funzo, na ivute wananchi kuja kutibiwa. Tangazo lilibandikwa mlangoni likiwa na mihuri miwili, maana mmoja watu wangeupuuza.

Kazi akapewa Brashi, mchora mabango aliyezoea kuchora matairi ya gereji na vichwa vya mabango ya vinyozi. Aliagizwa achore mlevi. Mlevi aliyemjua sawasawa alikuwa mmoja tu: mdogo wake, aliyezikwa mwaka uliopita, tumbo limemjaa maji, bila kuacha hata picha ya kitambulisho. Basi akamchora yeye, ameegemea mlango, vifungo vya shati vimepishana, anacheka kama aliyekumbuka jambo.

Mama yao alipokuja kuchukua dawa za presha alisimama pale mpaka foleni ikampita.

"Meno yale yale," alisema. "Umenirudishia mwanangu, baba."

Siku ya ukaguzi, afisa wa elimu ya afya alirudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa.

"Fundi, huyu ndiye mlevi?"

"Ndiye, bosi."

"Mbona anapendeza? Mimi tone sinywi, lakini huyu akiniita mezani nakwenda."

"Alikuwa hivyo hivyo, bosi. Ndiyo maana tulichelewa kumkemea."

"Mtie macho mekundu, udenda na nzi. Watu wamchukie. Ukishindwa, kesho naleta fundi mwingine apake chokaa yote."

Brashi akapima: afutwe na mgeni, au aharibiwe na nduguye. Akachovya kwenye nyekundu. Macho hayakumsumbua. Mdomo ulimlia mchana kutwa, maana kicheko kiligoma. Akikipinda huku, kinachomoza kule. Mwishowe akamng'oa meno mawili, pengo akalijaza udenda. Nzi walitoka vizuri mno, na afisa akawasifu mmoja mmoja.

Zamu ya mama kuchukua dawa ilipofika tena, alikuta watoto wa kwenye foleni wakimlenga mlevi kwa maganda ya machungwa. Aliyempata jichoni alishangiliwa. Brashi alikuwa akimalizia maandishi chini ya picha.

"Nani kamfanya hivi?"

"Ni mimi, mama."

Mama akaitazama mikono ya mwanawe, rangi imeganda kwenye kucha. Akaiacha foleni, akatoka getini.

Ripoti ya afisa ilisema ukuta umefaulu. Dawa za mama siku hizi huchukuliwa na jirani, akikumbuka.