Sikumfunua Baba Mkwe Macho

Tuliokuwa pale ni watu watatu, na wote nawakumbuka. Makokha, baba mkwe wangu, juu ya kitanda cha hospitali huko Kitale. Njoroge, dresa wa wodi, yaani msaidizi wa daktari, ambaye hatukuwa na undugu naye. Na mimi, mke wa Wafula, mtoto wa mwisho wa Makokha. Wafula mwenyewe alikuwa ameshika njia ya Bungoma kumwita mama yake, Nasimiyu. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Nimechoka kulibeba.

Ilikuwa baada ya vita vya pili vya dunia, tukiwa vibarua kwa Mzungu mmoja. Wanaume wakikata miti, gogo likampiga Baba, ndiye Makokha, kichwani. Aliamka, akajipangusa, akauliza ni nani amemwaga uji wake. Watu wakacheka. Baadaye akaanza kutapika na kusinzia, Mzungu akampeleka hospitali na lori.

Njoroge alikuwa na wagonjwa wengi, na daktari alikuwa anapasua mwingine. Akaniambia damu inaweza kujaa ndani ya fuvu ikakandamiza ubongo. Ikiwa hivyo, daktari atatoboa mfupa itoke, lakini lazima iwe mapema.

"Mama, mfunue macho kila mara. Mboni moja ikikua kuliko nyingine, niite mbio."

Sasa mimi ningemfunuaje? Kwetu Wabukusu, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, wala hamtazami usoni. Tangu niolewe nilikuwa namsalimu nikiangalia ukuta. Njoroge alikuwa Mkikuyu, hakujua, na mimi niliona haya kumwambia. Nikageuza stuli, nikampa Baba mgongo.

Njoroge akapita, akauliza. Nikasema macho yako sawa. Akapita tena. Nikasema yako sawa. Nilimsikia Baba akikoroma, nikajiambia, si amelala tu.

Mara ya tatu Njoroge hakuuliza. Aliinama, akafunua mwenyewe.

"Hili jicho limekuwa hivi tangu lini?"

"Sasa hivi tu."

Huo ukawa uongo wa tatu.

Walimnyoa, daktari akamtoboa fuvu kwa keekee, kama ile ya seremala. Njoroge aliniambia damu ilitoka nyeusi. Baba hakufa. Lakini upande mmoja wa mwili ulikufa, na maneno hayakurudi. Njoroge akasema, bila kunikaripia, kwamba kama tungewahi mapema pengine angerudi nyumbani na miguu yake.

Tukamrudisha nyumbani Mabanga, huko Bungoma. Nasimiyu alimlisha mpaka mikono yake ikaanza kutetemeka. Ndipo wazee wakachinja kondoo, wakasema sasa mimi nimlishe. Asubuhi moja tu, mwiko ukaisha! Kumbe ulikuwa unaondoleka.

Miaka sita nilimtilia uji mdomoni, uso kwa uso, naye ananiangalia. Macho yalikuwa yamerudi sawa, yote mawili. Sijui kama alijua. Sikumwambia. Wafula naye alikufa bila kuambiwa.

Wewe unayekaa na mgonjwa, ukipewa kazi usiyoiweza, sema huiwezi. Haya ya siku moja inapita. Hii yangu haijapita.

Na kama yuko mtoto wa Njoroge anayesoma, au mtu wa Mabanga, na nimekosea jina au miaka, nisahihisheni, mimi ni mzee. Lakini msiniulize kama lilikuwa jicho la kulia au la kushoto. Sikuangalia.