Tiki ya Thelathini na Tatu

Mwalimu wa hesabu, ambaye shule nzima kuanzia mkuu hadi mlinzi wa geti ilimwita Desimali, alikuwa na daftari lenye jalada gumu. Humo kila mwanafunzi wa kidato cha nne alikuwa na ukurasa wake, na kila kosa lilikuwa na tarehe yake. Fomu za wilaya alizijaza kwanza kwa penseli, akalinganisha na daftari, ndipo akapitisha wino.

Mishahara ya walimu ilikuwa haijapanda kwa miaka sita. Mwaka huo waraka ukabandikwa ukutani katika ofisi ya walimu: shule itakayothibitisha kwamba wanane katika kila kumi wanaomaliza wako tayari kwa chuo, walimu wake wote watapandishwa daraja. Waliomaliza walikuwa arobaini na mmoja, kwa hiyo walihitajika thelathini na watatu. Penseli ya Desimali ilikwama kwa thelathini na wawili.

"Desi, ndugu yangu, tiki moja tu!" alisema mwalimu wa historia. "Au huo wino umeuazima?"

"Kati ya tisa waliobaki, hata aliye bora hajui sehemu."

"Hata mimi sizijui, na nina watoto wanne!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Desimali hakucheka. Huyo aliye bora alikuwa binti wa Mama Ndoo, msafishaji wa ofisi hiyohiyo, ambaye saa hiyo alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu kando ya meza yao.

"Mwanangu anataka uuguzi, mwalimu," alisema Mama Ndoo bila kuinua kichwa. "Usimfungie mlango."

Desimali akafungua ukurasa wa binti yule. Kujumlisha nusu na robo kulimshinda tangu kidato cha pili, na juzi kulikuwa kumemshinda tena. Alihitaji mwaka mmoja zaidi, na mtu wa kukaa naye. Desimali akafunga daftari, akatia tiki kwa wino.

Mama Ndoo akauza cherehani yake, binti akaenda chuo cha uuguzi. Mwezi wa tano akarudi na begi lake. Mtihani wa kukokotoa vipimo vya dawa ulikuwa umemwangusha mara tatu.

Kesho yake asubuhi Mama Ndoo alimkuta Desimali peke yake ofisini.

"Mwalimu, naona haya hata kukutazama. Wewe umempitisha, yeye kaenda kulala!"

"Si uvivu, mama. Mimi ndiye..."

"Usimtetee, baba. Una moyo mzuri mno, ndiyo maana wanakupanda kichwani. Sasa hali, hasemi, kajifungia chumbani. Shauri yake." Akakamua dekio. "Ila mdogo wake anamaliza mwaka huu. Nakuomba umtazame kama ulivyomtazama dada yake."

Mama Ndoo akainua ndoo yake, akatoka.

Daraja lenyewe halikuja. Shule zilizofikisha wanane zilikuwa nyingi mno, wilaya ikasema fedha hazitoshi. Waraka mpya sasa ulidai tisa. Fomu ya mwaka huu ilikuwa tayari mezani, na mdogo mtu alikuwa jina la tatu.

Daftari Desimali hakulifungua, wala penseli hakuigusa. Alichukua kalamu ya wino, akaanza kushuka na orodha, tiki baada ya tiki.