Namba Chini ya Kipande cha Ngozi

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini, niliinua rivolva kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaielekeza dirishani, na sauti ya mwanamke nyuma yangu ikasema, “Weka chini. Polepole.”

Hiyo ilikuwa Hyattsville, Marekani, katika jumba la mnada ambako nilikuwa nimeajiriwa kufungasha vitu vilivyouzwa: vyombo vya kauri, saa za ukutani, viti. Aliyenisemesha alikuwa Mkuu wa Idara ya Silaha za Kale, mama mfupi mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

“Umehakikisha haina risasi?”

“Ni kuukuu, mama.”

Akanyoosha kidole juu. Darini palikuwa na tundu lililozibwa kwa plasta. “Aliyekutangulia naye aliniambia ni kuukuu.”

Nilidhani nimefukuzwa. Saa sita, wenzangu walipokwenda kula, nilirudi mezani kwake kuomba radhi, na kwa sababu jambo moja lilikuwa limenisumbua asubuhi nzima, nikamuuliza kwa nini ile rivolva ilikuwa na namba mbili zisizofanana. “Wengi huuliza bei,” alisema. “Kesho uje na daftari.”

Sikusomea kazi ya kuthamini silaha za kale chuoni. Nilitoka Kitui nikiwa na cheti cha kidato cha nne na leseni ya udereva. Nilisoma katalogi za minada ya zamani ndani ya basi, nikaazima vitabu maktaba ya umma, na jioni nikanakili kila kitu katika daftari lenye safu tatu: nilichoona, nilichosoma, na nisichojua. Safu ya tatu ndiyo iliyokuwa ndefu kwa miaka mingi.

Kwa kijana asiyewahi kuiona, rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka. Tulikuwa na utaratibu wa kuichunguza, na Mkuu hakuruhusu hatua irukwe. Kwanza unafungua silinda na kuhakikisha matundu yote ni matupu, hata kama mwenzako amekwisha kuhakikisha mbele ya macho yako. Halafu unasoma maandishi ya mtutu kwa kioo cha kukuza. Herufi zikiwa zimelainika pembeni, ujue chuma kilisuguliwa na kupakwa rangi upya, na hapo karibu nusu ya bei imekwenda. Unatazama skrubu; mfereji wa kichwa chake ukiwa umeparurika, ujue kuna fundi wa nyumbani aliyepita na bisibisi. Unavuta nyundo, kile chuma cha nyuma kinachogonga risasi, taratibu uone kama silinda inajifunga mahali pake. Mwisho unazitafuta namba.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ukifungua silinda utaona namba fupi kwenye mkono wake wa chuma. Hiyo ni namba ya mafundi wa kiwandani, ya kuunganisha vipande visichanganyike, na haisemi lolote juu ya mwaka. Namba ya mfululizo, inayotaja umri ukiilinganisha na orodha za kiwanda, katika rivolva nyingi za aina hiyo imegongwa chini ya mpini. Umri nao si jambo la bei tu. Kwa sheria ya huku, iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899 ni kitu cha kale na watu huuziana bila kupitia polisi wa jimbo. Ya baada ya hapo ni silaha, na huwezi kuiuza kama unavyouza meza.

Katika mwaka wangu wa kumi na nne, nikiwa Mthamini Msaidizi, nilipigiwa simu Jumamosi alasiri nije haraka katika ukumbi wa kanisa, Lanham. Palikuwa na mchango wa kumsafirisha marehemu Baba Mwende kwao Machakos. Ndege ilikuwa Alhamisi, na zilipungua dola elfu tatu. Baba Mwende alikuwa amemtunza mzee mmoja wa mji wa Bowie hadi mwisho wake, na mzee yule alimwachia rivolva ndani ya soksi ya sufu. Mjane, Mama Mwende, aliitoa inadiwe pamoja na keki na kuku.

Mnajua tunavyonadi. Unanunua keki kwa dola mia, watu wanapiga makofi, unairudisha mezani inadiwe tena. Rivolva ilikuwa imenunuliwa mara mbili ikarudishwa. Mara ya tatu ilinunuliwa kwa dola mia tatu na hamsini na Bwana Keller, Mmarekani aliyefanya kazi na marehemu, mkusanyaji wa vitu vya kale siku za mapumziko. Alilipa, akashukuru, akaifunga katika skafu yake, akaketi.

Ndolo, mwenyekiti wa kamati, alinipokea mlangoni.

“Afadhali umefika, mtaalamu! Huyu mzungu ameikalia. Tumempigia makofi mpaka mikono inauma, yeye anatabasamu tu.”

“Mlimwambia kwamba hurudishwa?”

“Nani huambiwa? Hata watoto wanajua!” Akanivuta kando. “Sikiliza. Nimecheki namba kwa simu, inasema ni ya 1908. Kama ni ya 1908, tumeuza kinyume cha sheria, si ndiyo? Basi sema hivyo tu. Arudishiwe pesa zake, nawe uiuze huko kwenu kwa bei ya maana.”

“Namba umeitoa wapi?”

“Hapo ndani, ukifungua.”

Bwana Keller alikubali niichunguze. Niliingia nayo jikoni, na Mama Mwende akanifuata, kwa kuwa ilikuwa mali ya mumewe. Ilikuwa tupu. Maandishi ya mtutu yalikuwa makali, rangi ya awali imebaki karibu yote, skrubu hazijaguswa. Chini ya mpini, yule mzee alikuwa amebandika kipande cha ngozi, nadhani ili isikwaruze meza. Niliushikilia mpini juu ya mvuke wa birika la chai mpaka gundi ikalegea, nikainua ngozi kwa ncha ya kisu cha siagi.

Namba ilikuwa ya mwaka 1896.

“Inasema nini?” Mama Mwende aliuliza.

Nilimweleza yote, na bei pia. Nilikadiria kati ya dola elfu nne na tano. Ni ya kale, kwa hiyo mauzo ni halali, na Bwana Keller anaweza kwenda nayo. Mama Mwende alikitazama kile kipande cha ngozi kilichokuwa kinaning'inia.

“Na hicho kikibandikwa tena?”

“Kinabandikika.”

“Nani mwingine ameona?”

“Hakuna.”

Tulisimama pale, birika likichemka. Namna zote za kusema uongo ule zilinipitia kichwani, na zote zilikuwa rahisi. Ukumbi mzima ungeniamini, hata Bwana Keller. Lakini nilikuwa nimeiona namba.

“Mama Mwende, siwezi.”

“Basi ungeniacha nisijue,” alisema. Akazima jiko, akabeba sinia la vikombe, akatoka.

Nilisimama mbele ya watu nikasema ni ya mwaka 1896, ni ya kale, na imeuzwa kihalali. Nilitaja na thamani yake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili Bwana Keller naye asikie. Aliinamisha kichwa, akasema alijua ni nzuri lakini hakujua ni nzuri kiasi hicho. Hakuirudisha. Sikumlaumu wakati ule, na simlaumu leo, alinunua mnadani.

“Wewe uko upande gani?” Ndolo aliniuliza, na sauti yake ilisikika ukumbi mzima.

Kilichofuata bado nakishukuru. Mama mmoja wa kwaya aliinuka, akaichukua keki iliyobaki akasema, “Tuendelee, nina zamu ya usiku.” Keki ile iliuzwa mara kumi na moja. Mwishowe ilikuwa imebonyea upande mmoja, na hakuna aliyetaka kuila. Saa mbili usiku zile elfu tatu zilitimia. Baba Mwende alisafiri Alhamisi.

Mjane hakunisalimia kwa karibu miaka miwili. Kisha Jumapili moja alinikuta mlangoni pa kanisa, akanipa mkono, akasema chai ya siku ile ilikuwa na harufu ya gundi. Hatukuzungumza zaidi.

Nilistaafu mapema, kwa sababu ya macho, nikiwa Mkuu wa Idara, kwenye meza ileile ya mama wa miwani mbili. Namshukuru kwa kunivumilia. Nawashukuru pia wenye mali, ambao kila siku walinikabidhi vitu vya baba zao wakaamini neno langu, hata lilipokuwa neno la kuwakatisha tamaa. Nimekosea makadirio mengi. Yamo katika madaftari, na yeyote anaweza kuyasoma.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Bwana Keller alikuja na ile rivolva, bado imefungwa katika skafu. Alikuwa anahamia nyumba ndogo na anauza mkusanyiko wake. Niliiandika mwenyewe katalogini, na katika mstari wa historia yake nikaweka: mali ya Baba Mwende, iliuzwa Lanham katika mchango wa mazishi yake. Baada ya mnada niliona si haki Mama Mwende asikie kwa mtu mwingine, nikampigia simu.

“Imeenda ngapi?” aliuliza.

“Elfu tano na mia mbili.”

Nikamsikia akicheka polepole, kama mtu anayejaribu kutowaamsha watoto.

“Toa zile mia tatu na hamsini za mzungu.”

“Nimetoa.”

“Haya, mtaalamu, bila kunificha. Ulinipotezea ngapi?”

“Dola elfu nne, mia nane na hamsini.”