Ndoano Zisizo na Meno

Mhoja alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kuuliza. Ukimwambia mvua inakuja, anataka kujua nani kakwambia, na huyo aliyekwambia kaonaje. Mtaani Mirongo watu walishamzoea. Kazi yake ilikuwa kufunga ndoano za migonzo, zile kamba ndefu zinazolazwa ziwani usiku, ndoano zinaning'inia kama pindo la kitambaa. Na enzi hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kazi ilikuwepo! Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota ufukweni kama uyoga, sangara ndiye mfalme, na maduka ambako juzijuzi watu walipanga foleni ya sabuni sasa yamejaza ndoano za Korea mpaka barazani. Mikono ya Mhoja ilikuwa haipumziki. Kichwa ndicho kilichokuwa kinazurura.

Siku moja akaja pale kibandani Bwana Torben, Mzungu aliyekuwa anatengeneza mitambo ya barafu kiwandani. Mkononi ana kisanduku, uso umemshuka.

"Fundi, angalia. Mende kula yote."

Mhoja akachungulia. Ndani kulikuwa na ndoano nyeupe zinazong'aa, zimebaki na vishungi vya manyoya kama kuku aliyenyonyolewa nusu akatoroka.

"Hizi ni nini?"

"Nzi."

"Nzi? Nzi gani mkubwa kama kidole gumba?"

Torben akachuchumaa, akachora samaki kwenye vumbi. Paji la uso limesimama kama ukuta, mkia kama mkasi. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akaeleza kwamba huyo yuko baharini, rangi yake kijani na njano, anakimbia kama pikipiki. Yeye anakwenda likizo Mafia kumvua kwa nzi hao, na mende wamemharibia. Je, fundi anaweza kuwafunga upya?

"Anakula manyoya?"

"Hapana. Anafikiri ni samaki mdogo."

Mhoja akaokota mmoja, akamgeuza kiganjani. Samaki anadanganywa kwa nywele! Huku kwao sangara humpati mpaka umpe mumi mzima anayetikisa mkia. Akauliza maswali mpaka Torben akachoka, halafu Torben akasema neno lililomwondolea Mhoja usingizi.

"Huyu samaki anatafuna. Kila siku nzi wanaharibika. Nzi wako wakiwa imara, Alhamisi unapanda gari langu, tunakwenda wote. Wakiwa wabovu, nakwenda peke yangu."

Mhoja hajawahi kuiona bahari. Hata Dodoma hajafika. Tangu jioni ile hakuwa na neno jingine mdomoni.

"Baba Kulwa, kula basi," mkewe Dorotea alimwambia. "Samaki mwenyewe humjui, unamkondea."

"Ndiyo maana nataka nimjue."

Dorotea alikuwa msusi. Mhoja akaingia kwenye kapu lake la rasta, akachagua nyeusi na ile ya rangi ya mahindi. Akakata ncha ya mkia wa beberu mweupe wa jirani (beberu hakulalamika, jirani ndiye aliyelalamika), akazichovya nusu kwenye rangi ya kijani ya kusukia mikeka. Akachambua nyuzi za kiroba cha sukari. Akachuna makaratasi ya kung'aa ya Krismasi. Macho akaweka shanga, na tumboni kipande cha risasi cha kuwazamisha.

Zilipobaki ndoano zenyewe, akazishika, akazigeuza, akasikitika. Kile kijino cha ndani, kinachomzuia samaki asichomoke, kilikuwa kimebanwa kikalala bapa. Kwenye kila ndoano!

"Maskini Mzungu wa watu," akasema. "Kauziwa mbovu zote."

Basi kwa moyo mweupe kabisa akaziweka kando, akachukua Korea zake bora, zenye meno ya kung'ang'ania, akafungia nzi wote humo. Zile nyingine, kwa vile zilikuwa zinang'aa na kutupa ni dhambi, akazichanganya kwenye mzigo wa migonzo ya shemeji yake Nestory, kaka wa Dorotea, anayevulia mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Akabakiza moja tu ya mfano, iliyokuwa bado na manyoya yake.

Akawapeleka nzi wake kwa Khalidi, Mzaramo wa Mbwamaji aliyekuwa na duka la nyavu mtaa wa pili. Wazaramo na Wasukuma ni watani, kwa hiyo Mhoja alijua matusi yatakuwepo, lakini pale mtaani ndiye mtu pekee aliyezaliwa anasikia mawimbi ya bahari.

"Mtani, huyu samaki unamfahamu?" Akamchorea.

"Huyo si faulusi! Wewe mchunga ng'ombe, faulusi umemwotea wapi?"

"Anakula nini?"

"Panzi."

"Panzi wa kwenye nyasi?"

"Panzi wa bahari. Samaki anaruka huyo. Ana mabawa."

"Mtani, usinifanye mtoto."

"Haki ya Mungu! Faulusi akimkimbiza, panzi anatoka majini anapaa, faulusi mwenzake anamsubiri anapoangukia." Khalidi akampima nzi mmoja kiganjani, akacheka mpaka akashika kaunta. "Na hii risasi umeweka ya nini? Unamtafutia kamongo matopeni? Faulusi anakaa juu, chini ya majani yanayoelea, macho yanaangalia juu. Mfanyie kitu chepesi. Tumbo jeupe, mgongo kijani. Halafu maji ya chumvi yanabeba kuliko haya yenu ya kunywea ng'ombe."

Mhoja hakukasirika. Mtu akishampa jibu anasahau tusi. Alirudi nyumbani anakimbia, akatoa risasi zote, akapunguza nywele. Ila lile la maji kubeba likamkaa. Linabebaje? Akachukua beseni la Dorotea, akajaza maji, akamimina chumvi.

"Baba Kulwa! Chumvi yote?"

"Nataka kuona."

"Mboga nitaunga na nini, manyoya?"

Nzi wakaelea vizuri kweli. Akawaacha humo na yule wa mfano wa Mzungu, akaenda kulala ana raha.

Asubuhi maji ya beseni yalikuwa na rangi ya chai.

Akawatoa mmoja mmoja. Korea zake bora zimeota kutu, manyoya meupe ya beberu yamechafuka kama ndevu za mla ugoro. Katikati yao yule wa Mzungu anang'aa, kama ametoka dukani. Mhoja akakaa chini. Zile hazikuwa mbovu. Zile ndizo za chumvi! Na yeye kazigawa, na leo ni Jumatano.

Alifika Kirumba anahema, mtumbwi wa Nestory ndio kwanza unavutwa mchangani.

"Shemeji," akaanza kwa upole.

"Usiniite shemeji!" Nestory alikuwa na hasira mpaka mishipa ya shingo imemtoka. "Umeniuzia ndoano au pini za nywele? Sangara wanakuja, ninawaona kwa macho, mkubwa kama mtoto wa darasa la tatu, nikimvuta anateleza anakwenda zake! Ndoano hazina meno! Nani kakutuma?"

"Ndizo nilizofuata. Nirudishie, nitakufungia nyingine bure."

"Chukua! Chukua na balaa lako! Na dada yangu mwambie nilimwonya tangu mwanzo."

Vijana wa mwaloni wakaangua kicheko. Mhoja akapiga magoti mchangani, akazikata moja moja kwenye migonzo, akazihesabu mara mbili. Kwenye ile ya mwisho kulikuwa na gamba la sangara bado limenasa. Akazisugua kwa mchanga, akarudi kufunga upya. Dorotea alipoona hali, aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu, akamwambia mteja avumilie, akakaa kumchambulia mumewe nywele. Msusi anajua kubana. Pale Mhoja alipokuwa anafunga fundo moja, yeye alimwonyesha namna ya kukamata nywele kwenye mzizi zisinyofoke.

Jioni Torben akamchukua mpaka kwenye mawe ya ufukweni. Akaunga fimbo yake, nyembamba kama mjeledi. Kamba ilikuwa nene, ya njano, mbele yake uzi mwembamba, halafu kipande dhaifu kabisa, halafu kipande kinene kifupi kinachoingia mdomoni mwa samaki.

"Huo dhaifu wa nini?" Mhoja akauliza. "Mtu anaweka ubovu kwa makusudi?"

Torben akamwashiria atazame. Akarusha. Kamba ikaruka nyuma, ikaruka mbele, ikatua bila kelele, na nzi wa kijani akaanza kucheza majini, anavimba, anabana, anavimba. Ziwa lilikuwa shwari. Mara ya pili nzi akanasa kwenye jiwe. Torben akavuta, tap! Kipande dhaifu kikakatika, mengine yote yakarudi salama.

"Aaaah!" Mhoja akapiga makofi. "Kumbe unapoteza kidogo ili usipoteze yote!"

Torben akamkamata nzi mwingine kwa koleo, akamvuta nywele kwa nguvu zake zote. Haukutoka hata unywele. Akawachagua, wenye tumbo jeupe akawaweka mbele kwenye kisanduku, weusi nyuma. Halafu akanusa vidole vyake.

"Fundi. Mbona nzi wananuka sangara?"

Kulikuwa hakuna pa kujificha. Mhoja akamweleza yote, beseni, Nestory, mpaka mtoto wa darasa la tatu. Torben alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe.

"Mimi nimebana hayo meno," akasema akipangusa macho. "Mimi mwenyewe. Nataka samaki arudi kwao."

"Umsafirie mpaka Mafia, umpate, halafu arudi kwao?"

"Kesho saa kumi na moja alfajiri. Leta sweta."

Siku ile ya kwanza Mafia, wavuvi walimwonyesha faulusi aliyekufa tangu alfajiri, kalala kwenye mchanga. Mhoja akamzunguka, akamwinamia. Paji ndilo, mkia ndio, lakini rangi yake ilikuwa ya majivu, kama sahani ya bati. "Ndiye huyu?" aliuliza mara mbili, na moyo ukamwuma. Nywele zote zile, matusi yote yale, kwa bati?

Kesho yake walitoka kwa mashua mpaka palipokuwa na gogo linaelea. Torben akarusha yule nzi wa mkia wa beberu. Chini ya gogo kitu kikawaka. Mhoja hakuona samaki kwanza, aliona rangi, kijani inayokimbia, kisha njano, kisha buluu kwenye mapezi, na aliporuka, aliruka na jua zima mgongoni. Torben alimvuta mpaka ubavuni mwa mashua. Akaweka vidole viwili kwenye ndoano, ikachomoka kama siyo yake, na faulusi akazama na rangi zake zote, hai, hajageuka bati.

Mhoja alikuwa ameshikilia ukingo wa mashua kwa mikono miwili.

"Bwana Torben," alisema, "mwite tena. Sijamaliza kumwangalia."