Kandamiza, Usichungulie

Panga la pili nililiona kwa macho yangu. La kwanza nililisikia tu, nikiwa jikoni kwa mama kule Manga, nikadhani kuna mtu anakata mgomba. Kisha nikakumbuka kuwa ni Sabato, na kwetu hakuna akataye mgomba siku ya Sabato. Nilipotoka nje nilimkuta ndugu yangu amesimama mpakani mwa shamba na suti yake ya kanisani, mkono wa kushoto ameuinua kujikinga, damu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Jirani yetu alikuwa mbele yake. Akashusha panga tena, likazama pajani. Alilichomoa, akalitazama kana kwamba si lake, akalitupa kwenye majani chai akakimbia.

Hao wawili waligombania ule mpaka miaka nenda miaka rudi. Mmoja aking'oa miche ya mpaka, mwenzake anaipanda upya hatua mbili ndani ya shamba la mwingine. Kwa hiyo sikujiuliza ni nini kimetokea. Nilikimbia.

Mimi nimeolewa Kiogoro, na huko ndiko nilikofundishwa huduma ya kwanza pamoja na wahudumu wengine wa afya wa vijijini. Mwalimu wetu alikuwa nesi mmoja mkali asiyecheka na mtu. Habari za kidonda kinachomwaga damu alizimaliza kwa maneno mawili: kandamiza, usichungulie. Weka kitambaa, kandamiza kwa uzito wako wote. Kikilowa, ongeza kingine juu yake, wala usiinue kutazama kama damu imekoma, maana ukiinua unaanza upya. Tulifanya mazoezi kwa mto wa kulalia. Mto haukoromi wala haukushiki nguo.

Nilimlaza ndugu yangu chali kwenye nyasi, nikavua kilemba, nikakikunja na kukishindilia pajani pale damu ilipokuwa inaruka. Niliegemea kwa mikono yote miwili. Damu ilikuwa moto. Mkono wake wa kushoto nao ulikuwa umepasuka hadi mfupa ukaonekana, na mimi Mungu amenipa mikono miwili tu. Kijiji kizima kilikuwa kanisani, ng'ambo ya bonde.

Mama alikuja akijikokota na mkongojo wake, amebeba kikombe cha majivu yaliyochanganywa na mafuta ya taa. Hivyo ndivyo alivyotutibu utotoni.

"Mama, ukimmwagia hayo nitasahau kuwa ulinizaa," nilimwambia. Nina hasira za karibu, sikatai. Nilimtaka badala yake akandamize ule mkono kwa kanga yake, lakini vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, hata kijiko kinamshinda. Kanga iliteleza.

Mke wa ndugu yangu alikuwa amesimama kwenye migomba, hatua kumi kutoka tulipokuwa, mikono kichwani. Asubuhi alikuwa amesema kichwa kinamuuma, haendi kanisani. Nilimwita. Hakusogea. Nilimwita tena, nikaona anarudi nyuma.

Mama alielewa kabla yangu. "Wewe, kaa hapo hapo," alimwambia. "Usimkaribie mwanangu."

Kwetu kuna kitu kinaitwa amasangia. Mke aliyetoka nje ya ndoa akimkaribia mumewe akiwa mgonjwa au amejeruhiwa, mume hutokwa na jasho na kufa. Watu waliokwenda shule wanacheka wakiwa mjini, wakirudi nyumbani wanaogopa. Mwanamke anayesita kumgusa mumewe anayevuja damu amekwisha kujieleza, na mwenye macho haambiwi tazama.

"Unaona jasho?" mama alilia. Kweli lilikuwepo. Paji la uso la ndugu yangu lilikuwa limelowa, baridi, midomo imekuwa ya kijivu.

"Mama, hilo ni jasho la damu kupungua mwilini. Limemtoka na huyu bado yuko kule mbali. Hajamgusa."

Kisha nikamgeukia wifi yangu, na maneno niliyomwambia sijawahi kuyasimulia kanisani. "Kama umetoka, umetoka. Lakini atakufa kwa kukosa damu kabla hajafa kwa sababu yako. Njoo hapa."

Alikuja. Alitembea kama mtu anayekwenda kunyongwa. Alipofika karibu nilimdaka kifundo cha mkono, nikamvuta mpaka akapiga magoti, nikabana viganja vyake juu ya kanga ya mama kwenye kidonda cha mkono kwa nguvu hata akagumia. Mama aliinua mkongojo akampiga mgongoni. Akampiga tena, na tena, huku akimtaja Mungu. Wifi yangu alitetemeka kwa kila pigo, lakini mikono hakuiondoa. Kanga ilipolowa aliongeza shali yake juu, kama nilivyomwelekeza, bila kuchungulia.

Tulikaa hivyo mpaka waumini wakasikia mayowe ya mama wakaja. Walimpakia ndugu yangu kwenye pikapu, mke wake na mimi tukikandamiza njia nzima hadi hospitalini. Nyuma yetu vijana waliteketeza nyumba ya jirani, wakamkata ng'ombe wake miguu ya nyuma. Yeye mwenyewe hajaonekana Manga tena. Hospitalini, ndugu yangu alipoulizwa kilichotokea, alifumbua macho akasema ni ugomvi wa mpaka.

Alipona. Anachechemea, lakini yuko hai. Na kwa kuwa hakufa mikononi mwa mkewe, mama alitangaza kwa majirani wote kuwa mke wa mwanawe ni msafi kama maji ya kisima. Alimchinjia kuku, akamkanda mgongo kwa maji ya moto pale alipompiga.

Wiki iliyofuata mimi na wifi tulikuwa mtoni tunafua kilemba changu. Damu ilikuwa imegoma kutoka. Alisugua muda mrefu bila kunitazama.

"Nilijua nikimgusa anakufa, wifi," alisema. "Nikamgusa. Sasa sijui niamini nini."

Alikigeuza kilemba upande wa pili, akaendelea kusugua.

"Hawakupigania mpaka."

Ndipo nilipokumbuka ile suti. Ni mwanamume gani anayetoka kanisani kabla ya mahubiri kwenda kupimana na jirani miche ya mpaka?

"Ndugu yangu anajua?" niliuliza.

"Ndiye aliyetukuta."

Kwa hiyo kule hospitalini, akiwa amebakiwa na nusu ya damu mwilini, alikuwa amekwisha kuamua. Nilitaka kumpiga huyu mwanamke. Nilitaka pia kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimpokonya kilemba nikakikamua, kisha nikamwambia kile nilichofundishwa, maana sikuwa na kingine cha kumpa.

"Kandamiza," nilimwambia. "Usichungulie."